Mahindi ya Zaina Yaliyolala

"Mahindi yangu yatachungulia juu ya ukuta kabla bunduki hazijanyamaza!" Zaina alijigamba kila asubuhi alipopalilia.

"Alors, basi, yakichungulia yatuambie kama soko limefunguliwa," alijibu binamu yake Alfani.

Ulikuwa mwaka wa maasi mjini Stanleyville, Kisangani ya leo. Lango la nyumba yao lilizibwa kwa gogo. Papa, baba yake Zaina, alikwama ng'ambo ya mto, maana kivuko hakikuvuka tena. Hata kumwita jirani kwa sauti kulikatazwa. Ndani walikula sombe, majani ya muhogo, bila samaki, macho yakiwa kwenye mistari miwili ya mahindi katika mchanga wa uani: mmoja wa Zaina, mmoja wa Alfani.

Mama Kadidja alimpa Zaina ndoo ya samadi ya kuku. "Tawanya pote, mutoto wangu. Hii ni ya mistari yote."

Zaina akatazama huku na huku, kisha akairundika yote kwenye mashina yake. Mahindi yake yakanenepa. Ya Alfani yakabaki membamba, manjano kama mgonjwa wa homa.

Usiku mmoja dhoruba ikavuma. Kulipokucha, mahindi membamba yalikuwa yamesimama. Ya Zaina yalikuwa chini.

"Ya kwako iko inalala mpaka saa ngapi?" Alfani aliuliza.

"Upepo una upendeleo!" Zaina alifoka. "Mama, haki ya Mungu, samadi niligawa sawa."

"Bon, sawa. Tuyainue kwanza, ndicho chakula chetu," alisema Mama.

Wakayafunga kwenye fito na kuyapandishia udongo. Shina moja la Zaina lilikuwa limevunjika. Mama akaling'oa, akachimbua na moja la Alfani. Mizizi ya Alfani ilikuwa mirefu, imetambaa mchangani hadi chini ya ukuta. Ya Zaina ilikuwa mifupi, imesongamana ndani ya bonge la samadi kama wageni kwenye sinia la pilau.

Alfani akakohoa. Zaina akainamisha kichwa.

"Shahidi huyu hajui kudanganya," Mama alisema. "Mzizi wenye njaa ulisafiri kutafuta, ukaishika ardhi. Wako ulishibia mlangoni, haukwenda popote. Nasi tumefungiwa humu pamoja, Zaina. Anayejilimbikizia peke yake ndiye wa kwanza kuanguka, na anatuangusha sote."

Zaina akachukua ndoo tupu, akapiga magoti, akaanza kuchota kwa mikono yake samadi iliyozidi kwenye mashina yake ili aitawanye pote.