Mkwe Aliyepiga Simu

Beldina Muhonja alipatikana asubuhi na wakata miwa, amelala kifudifudi kando ya mto, nje kidogo ya Malava. Kichwa kilikuwa kimepasuliwa kwa jiwe. Hakuwa na viatu, na leso yake ilikuwa imefungwa upande mmoja tu, jambo ambalo mwenyekiti huyo wa akina mama wa kanisa hangelikubali akiwa hai.

Kufikia saa nne kesi ilikuwa imekwisha, kwa sifa na utukufu wa teknolojia. Simu ya marehemu, iliyoachwa mezani, ilikuwa imehifadhi mazungumzo yake ya mwisho, kama zifanyavyo simu zote siku hizi. Namba ilikuwa ngeni. Konstebo Weldon aliyatia mazungumzo hayo kwenye mashine mpya ya kutambua sauti, chombo kilichozinduliwa kwa maombi, hotuba na soda. Mashine ikatamka kwamba aliyepiga ni Titus Were, mume wa Tracy, binti wa marehemu. Titus alipofika kuomboleza, majirani walimng'oa meno mawili. Sasa alikuwa ndani ya selo, nao walikuwa langoni na tairi, wakimngoja kwa subira ya Kikristo atolewe kupelekwa mahakamani.

Inspekta Naliaka aliisikiliza rekodi mara ya kwanza akiwa amesimama. Mara ya pili aliketi.

"Mama, ni mimi Titus," sauti ilisema. "Niko hapa mtoni, pikipiki imekwama. Niletee shuka, na unipakulie obusuma. Nasikia njaa."

Kisha sauti ya mama, ikitetemeka: "Baba, ni wewe unanipigia mimi?"

"Fanya haraka, Mama."

Naliaka aliuliza kama kando ya maiti kulikuwa na shuka au huo ugali. Weldon alisema hapakuwa na kitu. Jikoni, sufuria ilikuwa bado imefunikwa, haijaguswa.

Selo ilinuka damu. Titus alieleza kwa shida kwamba jioni iliyopita, simu ilipopigwa, alikuwa peke yake dukani kwake Shinyalu, akitengeneza redio, na kwamba namba ya mama huyo hata hakuwa nayo.

"Yule ni mama mkwe, Afande. Nikimwona njiani ninapindanga kwa miwa. Salamu zinapitianga kwa Tracy."

Naliaka alimwuliza ni nani aliyewahi kumrekodi. Titus alisema Krismasi iliyopita shemeji yake Philip, kaka yake Tracy, alimsomesha Zaburi nyingi mbele ya kompyuta, eti kumbukumbu ya familia.

Weldon hakufurahi. "Lakini Madam, mashine imesema asilimia tisini na tisa."

"Mashine imesikia koo. Haijasikia adabu."

Basi, kama sauti iliigizwa, Weldon akamshuku Tracy, aliyeijua sauti ya mumewe kuliko wote. Naliaka alimkumbusha kwamba tangu jana mchana Tracy alikuwa hospitalini Kakamega, katika wodi ya kujifungulia, mbele ya wauguzi.

Walimkuta Philip sebuleni kwa mamake, akilia kwa utaratibu mzuri. Alikuwa amepelekwa shule ya bweni akiwa na miaka minane, kisha akaenda Nairobi, ambako aliunda mashine za kuzungumza na wateja wa makampuni. Naliaka alimwuliza jinsi Titus na marehemu walivyokuwa wakiongea.

"Walikuwa marafiki sana. Alikuwa anampigia simu, anaomba chakula kama mtoto wa nyumbani."

Kwenye kona, shangazi yake Khalayi aliinua kichwa. "Philip, nani alikufunza hivyo? Mkwe haombangi mama mkwe hata maji."

Weldon aliifungua kompyuta ya Philip, iliyokuwa mezani, kwa idhini aliyoitoa mwenyewe kabla hajajua kinachotafutwa. Aliandika neno moja, "Habari." Titus akawasalimia kutoka ndani ya kompyuta, kwa sauti safi yenye meno yote.

Naliaka aliyapanga mambo taratibu. Kampuni moja, kama majirani walivyosema, ilitaka shamba la marehemu la mtoni ili ijenge jumba la kompyuta. Philip alikubali, mama akakataa, na kupitia kwa Tracy, Titus alimuunga mkono mama. Sauti moja ingemzika huyu na kumfunga yule.

"Sauti ilikuwa ya mkwe," alisema, "lakini maneno yalikuwa ya mtoto."

Philip aliacha kulia. "Hakuleta hata shuka," alisema, kama mtu anayelalamikia huduma hotelini.

Naliaka alimjibu, "Mkwe hampigii mama mkwe simu. Akipiga, kuna kifo. Mama alijua Tracy yuko leba, akakimbia miguu mitupu akiamini binti yake amekufa."

Khalayi alijifunika uso kwa leso. Naliaka alimwuliza Philip mama yake alisema nini alipofika mtoni.

"Aliniona, akashusha pumzi. Akasema, 'Asante Yesu, kumbe ni wewe tu.'"

"Na wewe?"

"Jiwe nilikuwa nimeshalishika."