Stoo ya Mjomba Radamés

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine, ingawa Mjomba Radamés naye alijitahidi sana kuninyang'anya nafasi hiyo.

Kila Jumamosi mama hunituma dukani kwa mjomba kuchukua ndizi za kupika. Pale Neyba, mji wetu, duka lake ni zaidi ya duka. Televisheni imening'inizwa juu ya magunia ya mchele, na timu yetu ya besiboli, Mamba, inapocheza, nusu ya mtaa huhamia pale na viti vyao. Msimu ule Mamba walitutesa kweli. Novemba walishinda mfululizo mpaka tukaanza kuwatambia watu wa mji mkuu. Desemba wakapigwa na kila aliyepita njia, mjomba akaacha kusalimia watu. Januari wakafufuka, na Jumamosi hiyo walikutana na Farasi wa mji mkuu. Mshindi angeingia fainali.

Mimi nami nilikuwa na mechi. Saa tisa alasiri timu ya shule yetu ilikuwa inacheza, na mimi ndiye mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji. Kinyago cha chuma cha kukinga uso kilikuwa kimoja tu shule nzima, nacho kilikuwa mkobani mwangu.

Nilipofika dukani Mamba walikuwa nyuma, mbili kwa sifuri.

"Yoneli, niletee barafu stoo!" mjomba akaagiza.

Sijaigusa hiyo barafu, duka likalipuka kwa kelele. Mpigaji wetu alikuwa amepeleka mpira nje ya ukuta wa uwanja: pointi tatu kwa mpigo mmoja! Nikakimbilia mlangoni nione marudio. Mjomba akanizuia kwa kifua.

"Ulikuwa wapi walipopata?"

"Stoo."

"Basi rudi stoo."

Msicheke. Kwetu mambo yakinoga hakuna anayehama alipo. Jirani yetu Mzee Fellito aliwahi kusimama zamu tatu nzima za mchezo ameshika kikombe kitupu, kwa sababu alikuwa amekishika Mamba walipopata pointi.

"Mjomba, nina mechi saa tisa."

"Kabla ya saa tisa hii itakuwa imekwisha. Au unataka watu wote hawa walie kwa ajili yako, mwanangu?"

Sikutaka. Tena, niseme kweli, nilijisikia mtu mkubwa. Mamba wote, na bahati yao nimeibeba mimi! Nikaketi juu ya gunia, mlango ukarudishiwa.

Ukubwa ule haukudumu. Bati lilikuwa linachemka, samaki mkavu ananuka, na dirisha la nondo lilitoa hewa ya kumtosha panya. Mchezo niliusikia kwa vifijo na miguno tu. Ukapigwa mguno mzito: Farasi wamesawazisha.

"Yoneli! Umesogea?" mjomba akafoka.

"Nimenyoosha mguu tu!"

"Ukunje kama ulivyokuwa!"

Nikaukunja. Haukupita muda, shangwe: Mamba wameongoza tena. Hapo ndipo nilipojua nimekwama. Wangefungwa, lawama yangu. Wangeongoza, nisingetoka. Jasho likanitiririka mpaka machoni, nami naogopa hata kujifuta.

Kichwa kikatokea dirishani. Alikuwa Wandy, mrushaji wetu, anahema.

"We Yoneli! Wenzako tuko uwanjani, mwamuzi anaangalia saa. Unafanya nini humo?"

"Siwezi kutoka."

"Umefungiwa kwa kufuli?"

"Hapana."

"Komeo?"

"Komeo limevunjika tangu Krismasi."

Wandy akanikodolea macho. "Kwa hiyo mlango uko wazi."

"Nikitoka Mamba watafungwa!"

"Na usipotoka sisi tutafungwa bila kucheza! Nirushe mipira adake nani, mbuzi wa Mzee Fellito? Nipe basi hicho kinyago, angalau ajaribu mwingine."

Nikanyoosha mkono kumpa. Kinyago kikagoma kupita kwenye nondo. Tukasukumana nacho pale, yeye nje mimi ndani, mpaka macho yetu yakakutana. Macho ya Wandy yalikuwa yanalengwalengwa na machozi. Mwaka mzima alikuwa amefanya mazoezi kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nami nikimdakia.

Akageuka, akakimbia kurudi uwanjani. Mguu mmoja uliniambia toka, mwingine ukaniambia kaa, na nikabaki palepale, mpaka nikasikia sauti ya Mwalimu Dilcia, kocha wetu, ndani ya duka.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Mwalimu, tafadhali, zamu mbili tu zimebaki," mjomba akabembeleza.

Mwalimu akasukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka. Akanitazama nilivyojikunja kama kambale kwenye kikapu.

"Yoneli, nani amekufungia?"

Nikamtazama mjomba, nikautazama mlango, nikashindwa kumtaja mtu.

"Uliniahidi utafika saa ngapi?"

"Saa nane na nusu, mwalimu."

"Basi beba mkoba. Ahadi yako ndiyo iliyokuwa inakusubiri, siyo Mamba."

Tukakimbia, huku duka zima likinililia nirudi. Mwamuzi alikuwa ameshaanza kukusanya vifaa vyake. Nikavaa kinyago na jasho langu lote, nikachuchumaa, Wandy akarusha. Mpira wa kwanza ulinigonga kiganjani kama kofi la mama, nikajua nimesamehewa nusu. Nusu nyingine nilisamehewa jioni, tulipowashinda wageni kwa pointi moja na Wandy akanirukia mgongoni.

Tulikuwa bado tunashangilia mjomba alipotokea kwenye geti la uwanja, kofia ya Mamba ameikunja mkononi. Hakukuwa na haja ya kuuliza matokeo.

"Umeona, mwalimu?" akalalamika. "Ametoka tu, wamefungwa! Mtaa mzima unalia, na wewe ndiye uliyemtoa."

Mwalimu Dilcia alikuwa anafunga kamba za mfuko wa magongo. Hakuinua hata kichwa.

"Radamés, Mamba wana wadakaji watatu wanaolipwa mshahara, na hakuna aliyeuliza Yoneli yuko wapi. Sisi ndio tuliouliza."