Tanzia ya Mbwa Aliye Hai

Jumapili ile gulio la Tristán Narvaja, pale Montevideo, lilikuwa limefurika: vitabu vikuukuu upande huu, vizimba vya kasuku na sungura upande ule. Ivonne, fundi cherehani, alikuwa amevaa gauni la njano na kuongozana na mbwa wake Ministro, kizee cha miaka kumi na minne. Mbwa huyo, bila haya, alinyanyua mguu akakojolea rundo la diwani za mashairi. Mwenye meza, mshairi aitwaye Fabián, alicheka hadi chupa ya maji ya moto ya kutengenezea mate, chai ya majani ya kwao, ikamponyoka kwapani.

"Huyu ni mhakiki," alisema. "Tena ana huruma kuliko wa magazetini."

Basi Ministro akawa mshenga wao. Kwa miezi saba Fabián alifika kila jioni kumbeba mbwa huyo mzee ngazini, maana miguu ya nyuma ilikuwa imegoma. Kila adhuhuri alipiga simu, akauliza kwanza hali ya mbwa, ndipo hali ya mpenzi, naye Ivonne akajifanya kanuna.

Lakini washairi hawana subira. Ijumaa moja, katika mkahawa walikokutana kusomeana kazi zao, Fabián alisimama na shati lake jeupe akasoma tanzia ya mbwa: blanketi tupu, bakuli kavu, kucha zisizosikika tena sakafuni. Watu walitokwa machozi. Ivonne alikuwa amesimama mlangoni, kachelewa kwa sababu alikuwa akimlisha Ministro kwa kijiko. Akageuka, akaondoka. Fabián alimwona; simu yake ikamkuta njiani.

"Umemzika mbwa wangu angali anapumua," alisema.

"Mpenzi, niliogopa. Mimi nikiogopa huandika."

"Mimi nikiogopa humpikia wali. Usije tena."

Wiki tatu simu iliita, hakupokea. Hasira alikuwa nayo, ila mapenzi nayo hayakwenda kokote, na nyumba ilimuelemea. Asubuhi ya Jumanne daktari wa mifugo alimwambia kwamba jua halitatua Ministro akiwa hai. Ivonne akampigia Fabián.

Alifika akitweta, mikono mitupu. Akajilaza sakafuni, akamlaza mbwa juu ya mkono wake, akabaki hivyo mpaka pumzi ya mwisho ya mbwa. Kisha akalia kama mtoto, kamasi zikimtiririka.

"Hutaandika?" Ivonne aliuliza.

"Niandike nini? Kwenye shairi nilisema atakufa kimya, akitazama dirisha. Kafa akikoroma, ulimi nje, na mkono wangu umekufa ganzi. Sikuwa najua kitu, Ivonne."

Ivonne akaketi sakafuni kando yake. Alimpenda wakati ule kuliko siku zote, na alikuwa amechoka kuyaficha mapenzi hayo.

"Siku yangu ikifika," alisema, "nataka uwe umelala hapo hapo, karibu yangu."

Fabián alinyanyua kichwa. "Hiyo ni posa?"

"Ni posa. Futa kamasi kwanza, halafu unijibu."