Mkeka Uliokanyagwa kwa Chini

Tap.

Mlio mmoja tu, mkavu, kama unyayo mtupu juu ya plastiki. Monica alifumbua macho gizani, akasikiliza. Nje migomba ilisuguana. Mbwa hakubweka. Akajiambia ni ule mkeka wa gemu unajikunjua sebuleni, akavuta blanketi.

Mumewe Mathew ndiye aliyeuleta kutoka Arusha, baada ya daktari kumwonya Monica kuwa asipopunguza uzito, presha itamwangusha. Unauchomeka kwenye mashine ya gemu, unautandika mbele ya runinga, mishale inapanda kwenye kioo nawe unaikanyaga kwa mdundo wa muziki. Ulimfaa. Kukimbia barabarani hapo Uru asingethubutu. Watu wangeuliza anamkimbia nani. Basi jioni aliruka na binti yake Violet katika sebule mpya, ile Mathew aliyoijenga kwa pesa za kupandisha wageni mlimani, wakacheka mpaka jasho likawaingia machoni.

Bibi Lukresia, mama yake Mathew, hakuwahi kuingia sebuleni humo. Alikula jikoni, karibu na moto.

Kisha mshale wa kushoto ukaanza kujibonyeza. Monica akisimama pembeni kujifuta jasho, gemu liliendelea kuhesabu hatua. Mathew akiwa bado mlimani na wageni, Monica aliukunja mkeka, akashuka nao Moshi mjini kwa fundi Valerian, kwenye kibanda chake kilichojaa redio zilizofumuliwa.

Valerian aliufungua mkeka. Mluzi wake ukakatika.

"Mama Violet, hiki kitu mnakitandika juu ya nini?"

"Sakafuni. Ulitaka nikitandike juu ya bati?"

"Mkeka wa hivi huchakaa juu, miguu inapokanyaga. Huu umechakaa kwa chini." Akaupindua. Chini ya mshale wa kushoto palikuwa na doa la unyevu, dogo, lenye vidole vitano, likinuka udongo uliochimbwa sasa hivi. "Kama mtu anaukanyaga akiwa huko ndani ya ardhi." Akajaribu kucheka. "Labda mmefuga jini la Tanga."

"Ishia hapo hapo, Valerian. Nitengenezee."

Akatengeneza, na Monica akaurudisha, lakini hakuutandika tena. Aliutupa juu ya kabati ukiwa umekunjwa. Asubuhi iliyofuata Violet aliamka akichechemea.

"Mguu umelala, mama."

Ulikuwa mguu wa kushoto, na ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Zahanati hawakuona ugonjwa. Katekista aliomba, akanyunyiza maji ya baraka, na ubaridi ukapanda mpaka gotini.

"Amesema nimwazime," Violet alinong'ona.

"Nani?"

"Yule wa chini. Wa kwake haukuwahi kuruka."

Monica alimbeba mtoto mpaka jikoni, akamketisha karibu na moto, mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, nakuheshimu. Lakini kuna kitu unakijua."

Bibi Lukresia alikoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. "Hapo penye sebule palikuwa na mimea ya masale," akasema mwishowe. "Mathew aliyang'oa akidhani ni mpaka wa zamani wa kihamba, shamba la ukoo. Sikumwambia."

"Ni kaburi?"

"La mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa mguu umekauka. Wazee wa ukoo wakasema akitajwa, wadogo zake watazaliwa hivyohivyo. Hakuwekewa msalaba. Tuliotesha masale tu, tukanyamaza. Mathew hajui kama alikuwa na dada."

"Mwite, mama. Anamchukua Violet kwa sababu hakuna anayemwita."

"Nikimtaja atakuja."

"Ameshakuja!"

Ndipo umeme ukakatika, na kutoka sebuleni ukaja ule mlio, tap, kisha mwingine, kisha mwingine, si juu ya kabati ulikotupwa mkeka bali chini ya vigae, ukifuata mdundo uleule wa gemu ambalo hakuna aliyeliwasha, ukipanda kasi, ukileta ile harufu ya udongo mbichi chini ya mlango mpaka jikoni, na kila ulipogonga, goti la Violet liliruka, naye mtoto hakulia, alikuwa akitabasamu kama anayefundishwa mchezo.

Bibi Lukresia alitoka uani, akarudi na jani la masale alilolifunga fundo, kama mtu aendaye kuomba msamaha kwa jirani. Kwa mara ya kwanza akavuka kizingiti cha sebule. Monica akamfuata, mtoto mgongoni. Yule mzee akapiga magoti gizani, akalaza jani juu ya vigae, na vigae vikatetemeka chini ya kiganja chake.

Midomo yake ilihangaika na neno ambalo haikuwa imelibeba tangu ujana wake.

"Mektrida," akaita. "Mektrida wangu."

Milio ikakoma. Violet akateleza kutoka mgongoni mwa Monica, akasimama kwa miguu yote miwili, imara, akamgeukia bibi yake.

"Abee, mama," akaitika.