Nani Amnyooshe Kreni

Kitambaa cha fundi cherehani kilinasa kwenye kiti cha magurudumu cha kaka mmoja, mbele ya lifti ya jengo la maduka, watu wamejazana kama njugu kwenye gunia. Dada wa watu akavuta. Kiti kikaja na mwenyewe juu yake, kifua kipana kama mlango wa ghala.

"Ungeniita tu, ningekuja," akasema kaka.

Mapenzi yakaanzia hapo. Kaka alikuwa mnyanyua chuma, wenzake wakimwita Kreni. Miguu haikumtii tangu utotoni, lakini akilala kwenye benchi alisukuma uzito ambao ungemtoa tembo jasho. Fundi akamshonea fulana nyekundu iliyomkaa barabara, akatembea naye mjini shingo juu kama twiga.

Mpaka siku alipochungulia dirisha la ukumbi wa mazoezi. Akamwona mwalimu wa viungo, mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, amepiga magoti nyuma ya Kreni, anamvuta mikono taratibu. Na Kreni kafumba macho! Siku hiyo fundi alishona suruali ya mteja ikatoka na miguu mitatu.

Jioni simu ikalia.

"Malaika wangu, mbona kimya?"

"Kamuulize anayekukanda."

"Hanikandi, ananinyoosha. Kusukuma kiti kutwa kunakaza mabega."

"Kwani mimi sina mikono?"

"Unayo, tena laini."

"Basi kuanzia kesho ni mimi."

Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mashindano. Fundi akajifungia na Kreni chumba cha kubadilishia nguo, kavaa gauni la buluu, ananukia mtaa mzima. Akamvuta mabega, akayavuta tena na tena, asimwachie yule mwingine hata kidole cha kunyoosha.

Kreni akalala kwenye benchi. Chuma kikashuka kifuani, kikagoma kupanda. Mara zote tatu alizoruhusiwa kujaribu.

"Wifi," mwalimu akamnong'oneza fundi, "msuli ukivutwa sana kabla ya chuma, unalegea. Kuvuta kwa muda mrefu ni baadaye."

Fundi akamkimbilia Kreni, machozi yanamtoka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona ukanyamaza?"

"Chuma kitanisubiri mwakani. Wewe ningekufukuza leo, ungenisubiri?"

Fundi akajifuta kwa upindo wa gauni. "Nioe basi, kabla sijaua mtu."

"Hata kesho. Na mwalimu tumwalike?"

"Aje. Ila akae nyuma kabisa, mikono mfukoni."