Nanga ya Uongo

Kila Jumatano, shule ilipofungwa saa saba mchana, Rike Sommerlatt alikwenda moja kwa moja kwa babu yake. Babu Ottmar alikuwa fundi magari mstaafu, na aliishi peke yake karibu na lango la zamani la mji wa Wiesloch. Rike alikunywa supu ya dengu, akafanya hesabu zake kwenye meza ya jikoni, kisha akachezea simu mpaka mama yake alipokuja kumchukua. Magari hayakumvutia hata kidogo. Lakini babu alikuwa wake peke yake, na hilo lilimtosha.

Mambo yalibadilika mwezi Januari, Dilara Aksoy alipohamia nyumba ya jirani. Dilara alikuwa na miaka kumi na miwili kama Rike, na walisoma darasa moja. Siku moja alichungulia gereji, akamkuta babu akiunda gari lenye magurudumu matatu makubwa kama ya baiskeli.

"Hili halina usukani," Dilara alisema. "Linageuzwaje?"

"Kwa huu mkono hapa," babu alijibu huku akicheka. "Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na usukani. Ingia, usisimame kwenye baridi."

Tangu siku hiyo Dilara hakukosekana. Babu alikuwa akiunda mfano wa gari ambalo Bertha Benz aliliendesha mwaka 1888 kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita mia moja, akiwa na wanawe wawili na bila kumuaga mumewe. Dilara aliuliza maswali mpaka kahawa ya babu ikapoa. Akiwa jikoni, Rike alisikia vicheko vyao na penseli ikamvunjikia mkononi.

Kilichomchoma zaidi ni neno moja. "Babu, nikupe spana ipi?" Dilara aliuliza siku moja.

Rike alitoka mbio. "Si babu yako! Mwite Bwana Ottmar!"

Dilara aliinamisha kichwa. Babu alimtazama Rike kwa mshangao. "Kuna nini, mjukuu wangu?"

"Hakuna kitu," Rike alijibu, akarudi ndani.

Mwezi wa Julai gari lilikamilika, na likizo ilipoanza Rike alishinda kwa babu kila siku. Chama cha wapenzi wa magari ya zamani kilipanga sherehe Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mbele ya duka la dawa ambako Bertha alinunua petroli. Babu angeendesha gari, na mtoto mmoja angekaa kando yake na kuueleza umati historia ya safari ile. Rike tayari alikuwa amechagua gauni. Kisha babu akasema mezani, kama mtu anayesema jambo dogo tu:

"Nimemwomba Dilara."

Rike alisukuma sahani kando. Kwa siku tatu hakumsemesha babu isipokuwa kwa ndiyo na hapana.

Siku mbili kabla ya sherehe, Dilara alikuja na karatasi zilizojaa maandishi. Babu alikuwa amekwenda Heidelberg kutafuta mkanda wa injini.

"Rike, nisaidie," alisema. "Mwandiko wangu hausomeki, hata mama huniuliza kama ni wa kuku. Wewe unaandika vizuri. Niandikie kadi."

Rike alitaka kukataa, lakini akakaa. Aliandika kadi moja baada ya nyingine. Kuhusu breki, karatasi ya Dilara ilikuwa tupu.

"Hapo nilisahau kumuuliza," Dilara alisema. "Breki zilikuwa za mbao, zikalika kwenye miteremko. Walifanyaje?"

Rike hakupanga kusema uongo. Ulimtoka kabla hajaufikiria.

"Babu aliniambia. Mhunzi mmoja aliwapa nanga. Kila walipofika mteremko, wale wavulana waliitupa nyuma ikakwaruza barabara, gari likapunguza mwendo."

"Nanga kama ya meli? Kweli?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

Dilara alicheka kwa furaha. "Basi hiyo ndiyo itawashangaza kuliko zote! Iandike."

Rike akaiandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa kadi nyingine zote.

Jumamosi uwanja ulijaa watu. Soseji zilichomwa, watoto walikimbizana na chupa za juisi ya tufaha. Gari lilipotokea likikohoa, na Dilara amekaa mahali ambapo Rike alijiona yeye kila usiku kabla ya kulala, umati ulipiga makofi. Rike alijibanza kando ya ukuta, mikono kifuani.

Dilara alishika kipaza sauti. Alisema kwamba petroli siku hizo iliuzwa kwenye maduka ya dawa kama maji ya kutoa madoa kwenye nguo. Watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Alisema bomba la petroli lilipoziba, Bertha alilizibua kwa pini ya kofia yake. Watu wakapiga makofi. Kisha akaichukua kadi ya breki.

Aliisoma yote, hadi nanga iliyotupwa nyuma. Halafu Bwana Hägele, mzee mnene mwenye duka la viatu, akapaza sauti: "Nanga? Binti, hilo lilikuwa gari au meli?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. "Nahodha Dilara!" wavulana wa darasa lao walipiga kelele. "Tweka tanga!"

Rike alihisi utamu moyoni. Ulikaa muda mfupi sana.

Dilara alijaribu kuendelea. "Uingereza, zamani, sheria ilitaka mtu atembee mbele ya gari akiwa na bendera nyekundu..."

"Na nyuma yake nyangumi!" mtu akadakia.

"Na gari la kwanza kupita kilomita mia moja kwa saa, mwaka 1899, lilikuwa la umeme..."

"Muongo huyo! Mwaka huo umeme wa gari ulitoka wapi?"

Yote hayo yalikuwa kweli. Rike alijua, maana aliyaandika kwa mkono wake. Lakini sasa hakuna aliyeamini hata neno moja.

Babu alizima injini. "Nani alikuambia habari ya nanga?" aliuliza, na kipaza sauti kikamfikishia kila mtu swali hilo.

Dilara aliangaza macho mpaka akamwona Rike ukutani. Kisha akasema, "Nimekosea mwenyewe, Babu."

Rike aliondoka ukutani. Aliwapenya watu, akafika kwenye gari na kuomba kipaza sauti.

"Nanga niliitunga mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nilimwambia Dilara ni maneno ya babu yangu. Nilitaka achekwe. Nilikuwa na wivu. Mengine yote aliyosema ni kweli tupu."

Hakuna aliyecheka. Bwana Hägele alikohoa, akavua kofia. "Samahani, binti," alimwambia Dilara. "Hebu tuanzie tena kwenye breki. Mimi hasa nilitaka kusikia hapo."

Babu alimnong'oneza Dilara, naye akasema njiani walimpata fundi viatu, akapigilia ngozi juu ya mbao za breki, na gari likasimama vizuri. "Fundi viatu!" Bwana Hägele alipiga kelele, akijigonga kifua. "Mnasikia? Fundi viatu!" Safari hii kicheko kilikuwa cha furaha.

Wakati wa kurudi nyumbani, gari lilishindwa kupanda mtaa wenye mwinuko. Babu alibaki kwenye kiti kushika mkono wa kugeuzia, na wasichana wawili wakasukuma.

"Bado sijakusamehe," Dilara alisema.

"Najua."

"Sukuma basi, usiegemee!"

Babu aligeuka. "Rike, unajua kwa nini sikukuchagua? Miezi saba hukuniuliza hata swali moja juu ya gari hili. Nilidhani hulitaki."

"Nilikutaka wewe, Babu," Rike alisema, akaanza kulia huku akisukuma.

Babu alitikisa kichwa. "Hapo nami nilikosea, sikuona. Lakini ulipaswa kuniambia kwamba unaumia. Wivu si dhambi ukiusema. Ukiufungia moyoni unatafuta mlango wa kutokea, na leo umetokea kwa uongo. Na mmeona wenyewe, nyote wawili: uongo mmoja ulifanya kweli zilizofuata zionekane uongo. Mtu hupoteza imani ya watu kwa dakika moja. Dilara amerudishiwa imani hiyo kwa sababu wewe ulithubutu kusimama mbele yao. Kumbuka ilivyokuwa vigumu, ili siku nyingine usifike huko."

"Sawa, Babu."

"Sawa, Babu," Dilara naye alijibu, kisha akamtupia Rike jicho la wasiwasi.

Rike alijifuta pua kwa mkono uliojaa grisi. "Mwite tu Babu," alisema. "Ila sogea kidogo, nami nipate pa kushika."