Ekua Aliyezaliwa Jumamosi

Jumamosi asubuhi Araba alipanda kilima kwenda maktaba ya chuo kikuu, kama alivyofanya muhula mzima pamoja na wenzake wa darasa la sita. Wakutubi walikuwa wakiingiza picha za zamani za watu wa Cape Coast kwenye kompyuta ili dunia nzima izione, na kila mwanafunzi alipewa picha moja aandike habari za mtu aliyemo. Araba alipewa Ekua Baidoo, mama mwenye kilemba kikubwa na macho yasiyopenda utani.

Mchana huo picha zingezinduliwa mbele ya wageni, na Araba ndiye aliyechaguliwa kusoma, tena mbele ya watoto wa Ekua wenyewe. Mwalimu Quansah alipomwuliza kama amehakikisha habari zake, alijibu bila kupepesa macho, "Nimehakikisha mahali patatu, mwalimu." Kumbe alizinakili zote kutoka tovuti moja, kwa simu ya kaka yake, huku akila kenkey ya mahindi na samaki.

"Hebu nisomee," alisema Anti Amissah, mkutubi.

Araba alisafisha koo. "Ekua Baidoo alizaliwa tarehe kumi na mbili Machi, mwaka 1921. Alikuwa muuza vitambaa maarufu..."

"Ngoja kwanza. Ekua ni mtoto wa siku gani?" aliuliza Anti, kwa kuwa huko Cape Coast mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa.

Rafiki yake Adwoa aliangua kicheko. "Anti nawe! Hata mbuzi wetu anajua. Ekua ni wa Jumatano. Mimi Adwoa wa Jumatatu, na huyu Araba wa Jumanne, ndiyo maana hachoki kusema!"

"Haya, iulizeni kompyuta tarehe hiyo ilikuwa siku gani."

Araba akafungua kalenda ya zamani. Jumamosi. Akabonyeza tena, labda mashine imekosea. Jumamosi ileile.

"Makubwa!" alisema Adwoa. "Mtoto wa Jumamosi aitweje Ekua? Si angeitwa Ama?"

Araba alirudia kusoma alichoandika. Kama tarehe si ya Ekua, huenda hata vitambaa si vyake. Aliona aibu kweli, maana majina ya siku aliyajua kabla hajajua kusoma. Haraka ndiyo iliyomponza.

"Anti, si nisome tu hivi hivi? Nani atakumbuka?"

"Watoto wake watakaa viti vya mbele," alijibu Anti Amissah. "Lakini amua mwenyewe."

Araba aliitazama ile picha, kisha akainuka kumfuata mwalimu. "Mwalimu, nilikudanganya. Sikuhakikisha popote. Nilinakili."

Mwalimu Quansah alivua miwani. "Afadhali nimeambiwa na wewe kuliko na wageni. Kusoma utasoma. Ila rudi ukaanze upya."

Anti Amissah akawaonyesha Araba na Adwoa namna ya kutafuta katika magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta: andika jina, kisha jina pamoja na mji, kisha tazama ni nani aliyeandika na lini. Akina Baidoo walijaa tele. Mmoja alikuwa Ama Baidoo, muuza vitambaa wa Sekondi, aliyezaliwa tarehe ileile ya Jumamosi. Mwandishi wa tovuti aliwachanganya hao wawili. Mwishowe, katika gazeti la kanisa, wakakutana na kilemba kilekile na macho yaleyale. Chini yake paliandikwa: Ekua Baidoo, mwoka mikate wa Cape Coast. Araba alipiga kelele za furaha mpaka wanafunzi wa chuo wakageuka kumtazama.

Mchana alisimama mbele ya wageni. "Ekua Baidoo alikuwa mwoka mikate," alisoma. "Alizaliwa Jumatano. Tarehe hatujaipata. Mimi nilikaribia kuwasomea habari za mtu mwingine, na ninaomba radhi."

Mama mmoja mzee wa kiti cha mbele alisimama. "Asante, mwanangu! Huko mtandaoni wamemfanya mama yangu muuza vitambaa, na sisi watoto wake tulivaa viraka!" Ukumbi mzima ulicheka. Yule mama akaja kumshika Araba mkono. "Tarehe usiitafute. Hata mwenyewe hakuijua. Alijua Jumatano yake tu, na ilimtosha."

Anti Amissah akasogea karibu. "Umeona, Araba? Mtandao ukikosea hauoni haya. Wa kuona haya ni wewe uliyenakili. Kwa hiyo uliza: nani kasema, kajuaje, na nani mwingine anasema hivyo? Na usipojua, sema hujui."

"Nitauliza, Anti," alisema Araba. Binti wa Ekua alikuwa bado ameushika mkono wake, wala hakuonyesha dalili ya kuuachia.